Kusogeza Huduma, Kusogeza Madaraka



Juma hili tunaomba mtuvumilie kidogo, kwa kuwa tunataka kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wanasiasa na maofisa wa wizara, nalo ni namna serikali yetu inavyojipanga ili iwahudumie watu wake. Tunajua wapo watakaosema kwamba padre abaki na altare yake, mambo ya halmashauri awaachie madiwani. Lakini ofisi ya parokia ina mlango, na kwa mlango huo mambo ya halmashauri huingia bila kubisha hodi. Kila mwaka wa masomo unapokaribia, huja wazazi kuomba hati ya ubatizo ya mtoto. Si kwa ajili ya Komunyo ya Kwanza wala Kipaimara, bali kwa sababu hiyo ndiyo karatasi pekee inayoweza kuonyesha kwamba mtoto huyo alizaliwa, na alizaliwa siku gani. Daftari la ubatizo limegeuka kuwa daftari la serikali. Sisi tunawaandikia kwa furaha, lakini hatuachi kujiuliza: na yule ambaye wazazi wake si Wakristo, akaonyeshe nini?

Tuanzie hapo hapo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa ndani ya karatasi hiyo ndogo mna somo kubwa kuhusu maboresho ya utumishi wa umma.

Kwa miaka mingi mzazi wa Tanzania Bara alitakiwa kusajili kizazi katika ofisi ya wilaya. Mtoto alipozaliwa katika zahanati, mama alipewa tangazo la kizazi. Kisha ilimpasa asafiri hadi makao makuu ya wilaya, alipe ada, aambiwe arudi, arudi, na pengine akute kwamba mhusika yuko safarini. Nauli ya safari mbili au tatu, siku za shamba zilizopotea, mtoto mgongoni: nani angevumilia hayo yote kwa ajili ya karatasi ambayo faida yake haikuonekana leo wala kesho? Basi haishangazi kwamba utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta ni asilimia 16 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa. Na tukumbuke kwamba Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ulikuwa umekwisha kuanzishwa tangu mwaka 2006. Chombo kipya kilikuwapo, jina jipya lilikuwapo, mtendaji mkuu alikuwapo, lakini mama wa kijijini aliendelea kupanda basi lile lile.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 2013, mkoani Mbeya, ulipoanza mpango maalumu wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano. Kilichofanyika hakihitaji maneno mengi kukisimulia. Watumishi wa vituo vya afya na watendaji wa kata walipewa mamlaka ya kuwa wasajili wasaidizi. Wakapewa vitabu vya vyeti. Wakaandika cheti kwa mkono, hapo hapo, bila malipo, mtoto akiwa ameletwa kwa chanjo. Kisha taarifa zake zikatumwa makao makuu kwa simu ya mkononi. Mpango ukaenea mkoa baada ya mkoa, na leo vyeti vilivyotolewa kwa njia hiyo huhesabiwa kwa mamilioni.

Tutazame vizuri ni kitu gani hasa kilichosogezwa. Kama lingesogezwa dirisha la kupokea maombi tu, mtendaji wa kata angepokea fomu, angeitia katika bahasha na kuipeleka wilayani, na mama angeendelea kusubiri, ila sasa angesubiri akiwa karibu na nyumbani. Kilichosogezwa ni kalamu. Aliyeko katani alipewa haki ya kutia sahihi, na sahihi yake ikawa na uzito ule ule wa sahihi ya wilayani. Huo ndio mtazamo tunaotaka kuutetea mbele yenu: kwamba kusogeza huduma ni jambo moja, kusogeza madaraka ni jambo lingine, na kwamba katika historia ya nchi yetu maboresho yaliyozaa matunda ni yale yaliyosogeza kalamu na mfuko, wala si yale yaliyobadilisha kibao cha mlangoni.

Nchi yetu ina kumbukumbu chungu ya tofauti hiyo. Mwaka 1972 serikali, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, ilianzisha mfumo ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri, na nia hatuna sababu ya kuitilia shaka. Lakini katika kuutekeleza, halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilifutwa, na mahali pake wakapelekwa maofisa wa serikali kuu mikoani na wilayani. Maofisa walisogea, madaraka walisogea nayo mikononi. Mwananchi wa wilayani sasa alimwona mkubwa kwa karibu kuliko zamani, lakini hakuwa na njia ya kumwuliza, sembuse kumwondoa. Miji ilichakaa, mitaro ikaziba, kipindupindu kikaingia, na ilipofika mwaka 1978 ikalazimu kutungwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Sheria za serikali za mitaa kwa nchi nzima zikafuata mwaka 1982, na halmashauri zikarudi rasmi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka huo wa 1984, alitaja kufutwa kwa serikali za mitaa, pamoja na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika, kuwa miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Ni watawala wachache wanaosema hivyo wakiwa bado madarakani.

Ndiyo maana Katiba yetu, katika Ibara ya 146, inataja madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa kuwa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Neno lililotangulizwa ni madaraka. Huduma zinatajwa baadaye, kama kazi zitakazofanywa na wenye madaraka hayo. Tunadhani mpangilio huo wa maneno haukuwa wa bahati nasibu. Waliouandika walikuwa wametoka kuishi miaka kumi na miwili ya kinyume chake.

Tangu miaka ya 1990 tumepita katika programu nyingi za maboresho, na wenye umri kama wetu wanazikumbuka. Kwanza ilikuja ya kupunguza watumishi, ambayo iliacha nyumba nyingi za waamini wetu bila mshahara na ambayo watu waliiita kwa jina moja tu, kupunguzwa. Ikafuata Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997, iliyozaa vyombo kama TANROADS mwaka 2000 na baadaye RITA. Ikatolewa sera ya maboresho ya serikali za mitaa ya mwaka 1998, ambayo kwa haki ya Mungu ni waraka mzuri: ulitaka halmashauri ziwe na fedha zake, watumishi wake na sauti yake. Mwaka 2000 ikaanza Programu ya Maboresho ya Utumishi wa Umma. Kila ofisi ikatundika ukutani dira yake na dhima yake ndani ya fremu, pamoja na Mkataba wa Huduma kwa Mteja unaotaja barua itajibiwa kwa siku ngapi. Mwaka 2004 ukaingia mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi, uliojulikana zaidi kwa jina la OPRAS.

Juu ya huo wa mwisho inafaa tuseme kidogo, maana walimu na wauguzi wa parokia hii waliujaza kwa miaka mingi. Wazo lake lilikuwa kwamba mtumishi na mkuu wake wakae pamoja mwanzoni mwa mwaka, wakubaliane malengo, wakutane tena katikati, na mwishoni wapime kilichofanyika. Nani angepinga? Lakini mwalimu alijaza lengo la kufundisha vipindi vyote na kuinua ufaulu, huku akiwa hana uwezo wa kuongeza hata kopo moja la chaki katika shule yake, na mkuu wake hana uwezo wa kumpa motisha akifaulu wala wa kumtafutia msaidizi akizidiwa. Walipimwa kwa matokeo ambayo nyenzo zake zilikuwa mikononi mwa wengine. Matokeo yake fomu zikajazwa kwa haraka, wiki ya mwisho, mara nyingi kwa kunakili za mwaka uliopita. Sasa OPRAS imeondoka na nafasi yake imechukuliwa na mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Tunautakia heri. Lakini kompyuta haiwezi kumpa mwalimu mkuu madaraka ambayo karatasi haikumpa.

Tugeukie upande wenye matumaini, kwa kuwa upo, na hauzungumzwi vya kutosha.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule MMEM wa mwaka 2002 hadi 2006, unakumbukwa kwa kufuta ada na kujaza madarasa. Wanaparokia waliowahi kuwa katika kamati za shule wanakumbuka jambo lingine: shule ilifungua akaunti benki, fedha za kujengea madarasa zikaingia katika akaunti hiyo, na wakulima wasiopata kuona hundi maishani wakakaa chini ya mwembe kujadili bei ya saruji. Makosa yalitokea. Hata hivyo madarasa yalisimama kwa maelfu, na kila mzazi aliyebeba mchanga na mawe alijua mfuko gani wa saruji umeingia ukuta gani. Tangu mwaka 2016, ilipoanza elimumsingi bila ada, ruzuku ya uendeshaji imekuwa ikipelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule. Kiwango chake ni kidogo, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na sehemu yake hubakizwa juu kwa ajili ya vitabu. Lakini ile inayofika hufika kwa jina la shule, kwa tarehe inayojulikana.

Vivyo hivyo katika afya. Zamani fedha za zahanati zilikaa halmashauri. Mganga mfawidhi aliyehitaji glavu au kitasa cha mlango wa chumba cha kujifungulia aliandika barua, akasubiri, na pengine akaletewa kitu kingine kabisa. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, na kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo wajumbe wake ni wanakijiji, ikapewa nafasi ya kupanga na kuidhinisha. Upo pia utaratibu wa Jazia, ulioanza Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima mwaka 2018: kituo kikikosa dawa fulani katika Bohari ya Dawa, kinanunua kwa mshitiri aliyeteuliwa mkoani mwake, kwa bei iliyokwisha kukubaliwa. Hapo kabla, jibu la kwamba dawa hakuna lilikuwa ndilo jibu la mwisho. Sasa mganga anayetoa jibu hilo anaweza kuulizwa swali la pili.

Na swali la pili ndilo linalobadilisha mambo. Majirani zetu wa Uganda walitufundisha hilo zamani. Katika miaka ya 1990 wachunguzi walifuatilia ruzuku ambayo serikali ilikuwa ikizitumia shule za msingi, wakakuta kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo. Iliyobaki iliishia njiani, wilayani. Serikali ya Uganda haikuunda wizara mpya kwa ajili hiyo. Ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na ikaagiza shule zibandike ubaoni kiasi kilichopokelewa. Baada ya miaka michache sehemu kubwa ya ruzuku ilikuwa inafika. Wataalamu wamebishana ni kiasi gani cha badiliko hilo kilitokana na magazeti peke yake, kwa kuwa mambo mengine nayo yalirekebishwa wakati huo huo. Lakini hakuna anayebisha kwamba mzazi anayejua hesabu iliyotumwa ni mgumu kumdanganya kuliko mzazi asiyejua.

Baada ya kusema hayo, inatupasa tuseme pia kwamba katika miaka ya karibuni upepo umekuwa ukivuma kuelekea upande mwingine, na umevuma kimya kimya.

Mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini ziliondolewa katika halmashauri na kukabidhiwa kwa wakala mpya, TARURA. Mwaka 2019 maji vijijini nayo yakaondolewa, wahandisi wa maji wa wilaya wakahamia RUWASA. Hatusemi kwamba sababu hazikuwapo. Halmashauri nyingi zilikuwa na mhandisi mmoja aliyezidiwa, fedha za barabara zilipotelea katika matumizi mengine, na miradi ya maji ilikabidhiwa kwa sherehe na kukauka kabla ya masika ya pili. Kuwakusanya wataalamu chini ya paa moja kuna faida zake, na mahali pengine tumeyaona mabomba yakitoa maji ambapo zamani yalitoa hewa. Lakini hebu tujiulize: daraja la kitongoji likisombwa na mvua, diwani anamwuliza nani? Meneja wa wakala anaweza kuhudhuria kikao cha baraza la madiwani, akatoa taarifa nzuri, akashukuru, akaondoka. Mwajiri wake hayupo katika kikao hicho, bajeti yake haikupitishwa na kikao hicho. Diwani anarudi kwa wapiga kura wake na maneno ya kubembeleza. Aliyechaguliwa hana mamlaka. Mwenye mamlaka hakuchaguliwa.

Kodi ya majengo nayo ilisafiri njia hiyo hiyo. Kwa miongo kadhaa ilikuwa kodi ya halmashauri za miji. Kuanzia mwaka 2016 ukusanyaji wake ulianza kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Kwa upande wa kukusanya, ni ufundi wa kusifiwa. Hakuna tena mtu wa kuzunguka mitaani na daftari. (Wapangaji wanaolipia nyumba zisizo zao kila wanunuapo umeme wana maoni yao juu ya ufundi huo, nayo tunayajua.) Lakini mwenye nyumba aliyezoea kumwambia mwenyekiti wa mtaa kwamba amelipa kodi na taka hazijazolewa, sasa amwambie nani? Mita ya umeme haijibu.

Tusidhani pia kwamba kupeleka madaraka chini ni dawa inayoponya kila kitu. Wakenya waliandika ugatuzi katika Katiba yao ya mwaka 2010, wakazihakikishia kaunti si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na tangu mwaka 2013 kaunti 47 zimekuwa zikisimamia sehemu kubwa ya huduma za afya. Hospitali zimejengwa mahali ambapo hapakuwahi kuwa na hospitali. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2016 madaktari wa Kenya waligoma, na mgomo huo ukadumu siku 100, hadi Machi 2017. Kiini cha ugomvi kilikuwa mkataba wa mwaka 2013 ambao chama cha madaktari kilisaini na wizara ya serikali ya kitaifa. Kaunti, ambazo sasa ndizo zilizokuwa waajiri, zikasema hazikuwa sehemu ya makubaliano hayo. Kwa siku 100 wagonjwa walikuwa wakitazama serikali mbili zikionyeshana vidole. Kazi ilikuwa imegawanywa, lakini haikuwa wazi nani anajibu. Sisi tunaoongeza wakala juu ya halmashauri tungefanya vema kuusoma mgomo huo kwa makini.

Wanaofuatilia mafundisho ya jamii ya Kanisa wataona kwamba tumekuwa tukizunguka kanuni moja ya kale, ile ya auni, ambayo Papa Pius XI aliieleza katika waraka wake wa mwaka 1931: kwamba jambo ambalo jumuiya ndogo inaweza kulifanya yenyewe, si haki jumuiya kubwa kuinyang'anya; iliyo kubwa iwepo kuisaidia iliyo ndogo pale inaposhindwa. Na kabla ya mapapa wote alikuwapo Yethro, mkwewe Musa. Katika sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka alimkuta mkwewe ameketi tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri, watu wamesimama foleni, akamwambia wazi kwamba atajichosha na kuwachosha watu. Mara nyingi tunahubiri juu ya unyenyekevu wa Musa wa kukubali ushauri. Tunapita haraka mno juu ya ushauri wenyewe. Yethro hakusema watafutwe watu wa kupokea mashauri na kuyapeleka kwa Musa. Alisema watu hao, wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, mashauri madogo wayaamue wenyewe, na yale makubwa tu ndiyo yampandie Musa. Pia aliweka sharti juu ya watu wenyewe: wawe na uwezo, wamche Mungu, wachukie mali ya dhuluma. Yaani hata jangwani kalamu haikukabidhiwa kwa kila mtu.

Hapo ndipo penye hoja nzito ya wale wasiokubaliana nasi, nasi hatutaki kuikwepa. Wanasema: mnataka fedha zishuke vijijini, kwani huko hakuna wezi? Wapo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoka kila mwaka, na kila mwaka kurasa za halmashauri zina mambo ya kusikitisha: mapato yaliyokusanywa bila kupelekwa benki, malipo bila stakabadhi. Lakini kurasa za wizara na mashirika makubwa nazo si za kufariji, na tarakimu zake zina sifuri nyingi zaidi. Mwizi wa kijijini ana hasara moja ambayo mwizi wa mbali hana: anafahamika. Bati lililotakiwa kuezeka zahanati likionekana juu ya nyumba ya mtu, kijiji kizima kinaliona. Kinachokosekana ni mahali pa kulisema bila hofu, na mtu aliye na wajibu wa kusikia.

Mahali hapo kisheria papo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake, na humo mapato na matumizi husomwa. Tuna zaidi ya vijiji 12,000 na halmashauri 184, nayo mikutano hiyo ndiyo bunge pekee ambalo mkulima anaingia bila kuchaguliwa na mtu. Katika vijiji vingi haifanyiki; katika vingine hufanyika mara moja kwa mwaka, asubuhi ya siku ya palizi, na taarifa husomwa kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua. Lawama si za viongozi peke yao. Wao hata hivyo wana kisingizio kidogo cha kutojali, kwa kuwa wengi wao mwaka 2019 walipita bila kupingwa, na mwaka 2024 ushindi wa chama kimoja ulikaribia tena kuwa wa nafasi zote. Mwenyekiti asiyeshindaniwa hahitaji kueleza. Mkurugenzi wa halmashauri naye anateuliwa na Rais. Hata akiwa mtu mwema, na tunawajua walio wema, shingo yake kwa desturi hutazama juu.

Kwa hiyo, kama tungeulizwa maboresho yaanzie wapi, tusingependekeza wakala mwingine wala mfumo mwingine wa kompyuta. Tungeomba meneja wa barabara na meneja wa maji wa wilaya wawajibike kisheria kwa baraza la madiwani, na baraza liwe na uwezo wa kuzuia taarifa isiyoridhisha. Wataalamu wabaki katika wakala wao, ila mpango wa kazi wa mwaka upitishwe na waliochaguliwa. Tungeomba fedha zinazokwenda moja kwa moja shuleni na vituoni ziongezwe kabla ya kuongezwa miongozo ya kuzitumia, maana kuna akaunti za zahanati ambazo miongozo yake ni minene kuliko salio lake. Na tungeomba kila mbao za matangazo ziwe na karatasi ya mwezi huu, si ile iliyopauka kwa jua ya miaka miwili iliyopita.

Lipo pia lililo ndani ya uwezo wetu wenyewe. Tumezungumza na viongozi wa Halmashauri ya Walei, nao wamekubali kwamba siku ambayo mkutano mkuu wa kijiji umetangazwa, parokia haitapanga mazoezi ya kwaya, kikao cha jumuiya wala cha chama chochote cha kitume kwa saa hizo. Wenyeviti wa jumuiya ndogondogo wanaombwa kuulizia tarehe hizo kwa watendaji wa vijiji vyao na kuzileta ofisini kabla ya Dominika ya mwisho ya mwezi, ili zisomwe pamoja na matangazo ya ndoa.